Mistari ya Mlango wa Jikoni

Watu wanamwita Mikono Mitatu. Anayelisikia jina hilo mara ya kwanza humtazama mabegani, kisha huona haya. Ana mikono miwili kama wewe na mimi, yote ina makovu ya ngazi na kucha zenye rangi ya wiki iliyopita. Kwa sisi mafundi rangi, ukipaka ukuta mara moja huo ni mkono mmoja, ukirudia ni mkono wa pili, na wengi wetu tunaishia hapo, tunakunja turubai tunakwenda zetu. Yeye hajawahi kuacha ukuta chini ya mikono mitatu. Hata choo cha uani. Hata ndani ya kabati ambamo hakuna atakayechungulia ila mende.

Mimi ni shemeji yake na mshika ngazi wake, huu mwaka wa ishirini. Kaka yangu alimwoa, kaka yangu akamwacha. Watu waliniuliza, wewe bado unafuatana naye wa nini? Nikawajibu kwamba talaka ni ya kaka, shemeji ni wangu. Asiyependa na ameze wembe.

Kaka alipoondoka aliacha doa ukutani. Alikuwa na kiti chake sebuleni na mafuta yake ya nywele, na kule kuegemeza kichwa pahala pamoja miaka kumi na mitano kulichora duara jeusi. Kiti akakichukua, duara likabaki, kichwa kisicho na mtu. Shemeji akanunua kopo la rangi akalipaka. Asubuhi likarudi. Akapaka tena, likarudi hafifu, lakini likarudi. Mkono wa tatu ndipo likazama. Siku hiyo alijifunza kazi, na siku hiyohiyo alijifunza uongo mmoja, kwamba kila kitu kitazama ukikipaka mara tatu. Binti yake alikuwa na miaka kumi na minne. Alisimama mlangoni akamwuliza, "Mama, sasa itakuwaje?" Mama hakugeuka. Brashi mkononi, macho ukutani, akamjibu, "Utazoea."

Binti huyo sasa ni mtu mzima, anaishi mbali. Hupiga simu mara moja kwa mwaka, wanazungumza habari za mvua.

Shemeji ana desturi moja ya kazi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Kabla ya kufungua kopo huizunguka nyumba chumba kwa chumba, chaki mkononi, akiuliza, "Kipi nisiguse?" Kila kisichotakiwa kuguswa anakitia msalaba wa chaki. Ameuliza wazee, ameuliza wapangaji. Niliwahi kumwona akimwuliza mtoto wa miaka mitatu, na mtoto akamwonyesha ng'ombe aliyemchora kwa mkaa nyuma ya mlango. Ng'ombe yule yupo hadi leo. Nyumba si ya mwenye ufunguo peke yake, ndivyo anavyosema.

Sasa sikilizeni siku tuliyokosea.

Aliyetuita alikuwa mwalimu wa hesabu, mama mwembamba anayetembea kana kwamba kengele imeshagongwa. Ilikuwa likizo. Mumewe, mpima ardhi, alikuwa amehama miezi miwili nyuma, na vitabu vyake, na nusu ya vijiko. Mwalimu alitutembeza nyumba nzima kwa dakika kumi.

"Kila kitu," alisema. "Kuta, dari, milango, fremu za milango. Nataka nikiamka nisijue niko wapi."

"Na kipi nisiguse?" Shemeji akamwuliza.

"Hakuna."

Chaki ikarudi mfukoni. Na nyuma yetu, kwenye korido, alikuwa amesimama msichana wa miaka kumi na minne, mrefu mpaka nilimtazama miguuni nione kama kapanda juu ya kitu. Alikuwa mtoto wa pekee wa nyumba ile. Baba yake alimpa jina la Kijiti, na kila mtu akalishika. Mgongo wake ulikuwa umeegemea fremu ya mlango wa jikoni, mikono nyuma, hasemi neno. Tukampita. Hatukumwuliza. Mimi nina fungu langu kubwa katika kosa hilo, kwa maana fremu ile niliipiga msasa mwenyewe.

Ilikuwa na mistari kumi na minne upande wa kulia, mmoja juu ya mwingine, imechorwa kwa kalamu nene ya wino. Kila mstari ulikuwa na tarehe pembeni, kwa mwandiko wa mtu wa ramani, tarakimu zimesimama wima, hakuna hata moja inayoegemea mwenzake. Sikuambiwa ni nini, lakini na mimi nina watoto. Kila siku ya kuzaliwa mtoto husimamishwa, anawekewa kitabu kichwani, unachorwa mstari. Nilijua kabisa. Nikasema moyoni, ya watu hayo, mimi simo ndewe wala sikio, nikakandamiza msasa. Mahali rangi ya zamani ilipobanduka niliona chini yake rangi ya bluu, na kwenye ile bluu mstari mwingine, mfupi. Nao nikaupita. Nilisugua mpaka sikuona hata kivuli cha wino, tukapaka dawa ya kuzibia, kisha mkono wa kwanza wa rangi ya maziwa. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne asubuhi mstari wa juu kabisa ulikuwa umerudi. Wino uleule, tarehe ileile, ya miaka kumi na minne.

"Shem," Shemeji akaniambia, "jana ulisugua kwa mkono au kwa macho?"

"Nilisugua mpaka kidole kikatoka ngozi. Tazama."

"Basi kidole chako ndicho ulichokisugua." Akacheka, akapaka tena.

Jumatano mstari wa kumi na minne haukuwapo. Ulikuwapo wa kumi na tatu. Hapo Shemeji hakucheka. Ndugu zangu, wino mzito huvuja kwenye rangi, hilo kila fundi analijua, lakini ukivuja huvuja wote kwa pamoja. Hauvuji kwa zamu. Alhamisi ukaja wa kumi na mbili. Ijumaa kumi na moja. Jumamosi kumi. Kila siku tunapaka, kila asubuhi tunakuta mmoja tu, mpya, mweusi, chini kidogo ya pale ulipokuwa wa jana.

Mimi ni mwoga, sifichi. Nilianza kuingia jikoni kwa ubavu. Nikamwambia Shemeji nyumba hii ina jini, tuchukue ngazi yetu tuondoke mchana kweupe. Akaniambia hata akiwapo, atakanyaga matone ya rangi mbichi kama sisi wote, na mbona hakuna nyayo? Hilo halikunituliza hata kidogo.

Mwalimu naye alipoyaona maandishi alishika ukingo wa meza. "Huu ni mwandiko wake," alisema. "Hakuna mtu mwingine anayeandika saba yenye mkia namna hii." Akampigia mumewe wa zamani papo hapo, mbele yetu. Unaingia nyumbani mwangu usiku, unachora kuta? Upande wa pili sauti ikapanda, hajakanyaga pale tangu siku ya vijiko, yeye ana akili zake timamu. Wakarushiana maneno mpaka simu ikakatwa, sijui nani aliikata. Kijiti alikuwa amekaa sakafuni kwenye korido, magoti kidevuni, anasikiliza. Tangu siku hiyo Mwalimu akawa anaweka kiti nyuma ya mlango wa mbele kabla ya kulala, na asubuhi kiti kilikuwa palepale. Hakuna aliyeingia.

Jumapili hatufanyi kazi. Jumatatu tukakuta mistari miwili, wa tisa na wa nane.

Na kulikuwa na jambo lingine, nililiona kabla ya Shemeji na nikaona aibu kulisema, maana lilikuwa halisemeki. Yule msichana alikuwa anapungua. Siku ya kwanza kichwa chake kilikuwa karibu na taa ya korido. Sasa alitembea ameinama, mabega ndani. Alhamisi ile ya mstari wa kumi na mbili alikuwa amesuka vile vifundo vidogo vya watoto wa shule ya msingi. Jumatatu ya wa nane nilimkuta uani akiruka kamba peke yake, anahesabu kwa sauti nyembamba, na hakufika ishirini bila kukosea. Jumanne, siku ya mstari wa saba, aliongea kwa kitembe kama mtu aliyeng'oka meno ya mbele, na meno yote alikuwa nayo, niliyaona. Alhamisi akaja akasimama mbele yangu, mguu mbele, ananitazama kimya, kamba ya kiatu imefunguka. Nilielewa anataka nini. Nikainama nikamfungia, namfungia kiatu msichana aliyenizidi kimo.

Mama yake? Mama yake alifurahi. Miezi miwili mtoto alikuwa hamsemeshi, anajifungia chumbani, akiulizwa anajibu kwa mabega. Sasa anamkumbatia, anataka kulala kitanda chake. "Amerudi kuwa mtoto wangu," Mwalimu alituambia, na macho yake yalikuwa mekundu. Nani angemnyang'anya mtu furaha ya namna hiyo? Tukanyamaza.

Ijumaa mstari ulikuwa wa nne. Jumamosi wa tatu.

Jumamosi hiyo nilikuwa juu ya ngazi sebuleni, Shemeji yuko chini na brashi. Kijiti akaja akitambaa hadi mlango wa jikoni, akapiga magoti, akajinyoosha taratibu mpaka utosi wake ukagusa mstari, akatulia hapo. Kisha akageuka akatutazama.

"Kijiti anataka maji," alisema.

Si "nataka." Alijitaja kama watoto wadogo wanavyojitaja, kwa sauti ya mtoto mdogo. Shemeji brashi ikamwanguka, na katika miaka ishirini sijawahi kuona brashi ikimwanguka yule mama. Akaenda akamchotea maji. Mtoto akayanywa kwa kushika kikombe kwa mikono yote miwili, akaenda zake kwa magoti.

"Shem," Shemeji akaniambia kwa sauti ya chini, "hesabu na mimi. Leo tatu. Kesho mbili. Jumatatu moja. Jumanne?"

Nikateremka ngazi.

"Jumanne atakuwa hajazaliwa," alisema.

Nikaona mara moja kwamba hakuna jini. Jini ningemvumilia. Ni mtoto anayejifuta mwaka kwa mwaka, kwa mwandiko wa baba yake, na sisi wajinga wawili kila siku tunamsaidia kufuta, tena mikono mitatu mitatu.

Shemeji hakunawa hata mikono. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu, aliyekuwa akisahihisha madaftari chumbani, akamweleza. Mwalimu kwanza akakasirika. Mtoto wake yuko salama, amekuwa mpole, anakula mkononi mwake.

"Anakula nini?" Shemeji akamwuliza.

Mwalimu akafungua mdomo. "Uji," alisema. "Tangu jana anataka maziwa tu." Kisha akavua miwani, akaiweka juu ya daftari la mtu, akaanza kulia kwa sauti.

"Nipe simu yake yule bwana," Shemeji akasema. Akapewa. "Wewe hunijui. Mimi ni fundi rangi wa nyumba uliyohama. Mwanao anazama. Njoo kesho saa nne asubuhi, na ukija usiniletee ugomvi." Akakata. Usiku ule Mwalimu alilala na mwanawe, mkono wake juu yake.

Nimeshasema Jumapili hatufanyi kazi. Jumapili ile tulikwenda, bila ngazi.

Hata kulala na mama yake hakukuzuia kitu. Mstari wa pili ulikuwapo, kimo cha meza ndogo. Mwalimu alisema alisinzia kidogo tu alfajiri. Kijiti alikuwa amekaa sakafuni jikoni, miguu mbele, kikombe cha maziwa kandoni, anatazama hewa. Mama yake alisimama penye sinki. Baba aliingia saa nne kamili, mtu mrefu, kofia mkononi, akasimama mlango wa uani kama mgeni asiyeambiwa akae. Alipomwona mwanawe pale chini uso ulimbadilika. "Kijiti," aliita. Mtoto hakugeuza hata shingo.

Shemeji akakaa sakafuni. Ana miaka hamsini na minane na magoti yenye kelele, lakini alikaa, miguu mbele kama mwenzake.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Siku ya kwanza nilimwuliza mama yako kipi nisiguse. Wewe ulikuwa umesimama palepale, na sikukuuliza. Nimekupaka rangi wiki mbili."

Bomba la sinki lilikuwa linadondoka, na nilitamani mtu alifunge.

"Nina binti," akaendelea. "Baba yake alipoondoka alikuwa na umri wako. Aliniuliza itakuwaje, nikamwambia atazoea. Sikumwangalia hata usoni, nilikuwa napaka ukuta. Na alizoea kweli. Alizoea kukaa bila mimi. Mpaka leo." Sijawahi kumsikia akilisema hilo, mimi niliyekula naye miaka ishirini, na yeye ni mtu anayetania hata msibani. Kisha akatoa chaki mfukoni, akaushika mkono wa Kijiti, akaugeuza, akamchora msalaba mgongoni mwa kiganja. "Hiki hakiguswi. Hakipakwi, hakifutwi. Ndiyo sheria ya kazi yangu, na mama yako na baba yako wanaisikia."

Mtoto akautazama ule msalaba muda mrefu. Alipoongea, sauti ilianza ile ndogo, ikawa inakua huku akisema.

"Mama alisema kabla ya huyu mtoto tulikuwa tunacheka. Baba akasema basi rudi huko. Mimi nilikuwa kitandani. Nikafikiri wao hawawezi kurudi, hawajui njia. Mimi ndiye ninayeijua, imeandikwa mlangoni. Nikifika chini kabisa, watacheka tena."

Mwalimu alijiziba mdomo. Yale maneno alikuwa hayakumbuki, aliniambia baadaye. Aliyasema kama watu wanavyosema wakiwa wamechoka, na usiku uleule aliyasahau. Baba alibaki ameikunja kofia yake mpaka ikawa si kofia tena.

Hapo nikakumbuka. Nawaambia ukweli, nilitamani kunyamaza, kwa sababu nikisema itajulikana kwamba niliona. Lakini kunyamaza kwangu ndiko kulikotufikisha pale.

"Shemeji," nikasema, "chini ya rangi hii kuna bluu. Na kwenye bluu kuna mstari. Niliuona siku ya kwanza."

Baba aliinua kichwa. "Bluu?" alisema. Akamtazama Mwalimu, na Mwalimu akamtazama yeye, na ilikuwa mara ya kwanza nawaona wakitazamana.

Shemeji akasimama, akachukua kikwangulio. Mtu ambaye hajawahi kuharibu kazi ya mkono wake alikwangua mkono wa tatu, akakwangua wa pili na wa kwanza, maganda yanaanguka sakafuni, akaingia kwenye rangi ya zamani polepole kwa kona ya kikwangulio, mpaka bluu ikatokea. Nikamwonyesha mahali. Ulikuwa mstari mfupi, kimo cha kitovu cha mtu mzima, na maandishi yale yale yaliyosimama wima, ila yalikuwa yametetemeka. Shemeji akayasoma kwa sauti, herufi moja moja, maana wino ulikuwa umefifia: MIEZI MINANE. YUMO NDANI. AMEPIGA TEKE.

"Mama yako alisimama hapa," baba alisema. Alikuwa amekuja akapiga magoti, na sasa alikuwa anaongea na mwanawe peke yake. "Tumbo mbele. Nikamwambia asimame wima nimpime mtoto, akaniambia nina wazimu. Nikachora pale ulipopiga teke."

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," Mwalimu akasema. "Pale. Pale ulipokaa wewe." Naye akaja akakaa. "Mwanangu, nyumba hii tuliihamia kwa sababu yako. Humu hamna kabla yako. Hata tungekwangua mpaka matofali."

"Na baba harudi?" Kijiti akauliza.

Watu wazima hapo ndipo huanza kudanganya. Niliwaona wote wawili wakivuta pumzi ya uongo. Shemeji akawatolea macho yale anayonitolea mimi nikitaka kuruka mkono wa tatu.

"Sirudi," baba akasema. "Mimi na mama yako tumeachana kwa mambo yetu wenyewe, na mengine ni ya kipumbavu. Hakuna hata moja lako. Jumatano na Jumamosi utakuwa na mimi, na siku nyingine ukinitaka utapiga simu, nitakuja nisimame hata getini."

Kijiti alilia. Hakulia kitoto, alilia kwa sauti nzito ya msichana mkubwa aliyeambiwa ukweli, akampiga baba yake kifuani kwa ngumi mara mbili, na baba akazipokea. Kisha akashika fremu akasimama, na kusimama kwenyewe kulichukua muda, mguu, goti, mgongo, shingo, mpaka tukawa tunamtazama kwa kuinua macho.

"Nina njaa," alisema. "Na sitaki uji."

Sitawadanganya kwamba mambo yaliisha pale. Wiki ile alinuna, akavunja sahani, akamwambia mama yake maneno ambayo mama aliyavumilia kwa kuuma midomo. Mwalimu akampeleka kwa mshauri mmoja wa shule, mama mtulivu, wanakaa wanaongea kila Ijumaa. Mistari haikuonekana tena. Ile fremu hatukuipaka. Ipo vile vile, maziwa juu, bluu katikati, imekwaruzika, na msalaba wa chaki ambao Kijiti huuchora upya ukifutika. Siku alipotimiza kumi na tano baba alikuja, akamwekea kitabu kichwani, akachora, akakaa robo saa, akaondoka. Ameongezeka vidole viwili.

Jambo moja tu hunirudia nikiwa peke yangu. Tulipokuwa tunafagia maganda nilimwuliza Kijiti aliwezaje kuiga ile saba. Akaniambia alifanya mazoezi kwenye daftari. "Lakini ule wa kwanza, wa kumi na minne, si mimi, Anko," alisema. "Niliamka nikaukuta. Nikadhani nyumba inanionyesha njia." Mama yake akaapa si yeye. Baba usiku ule hakuwapo. Shemeji akasema ni wino umevuja, na mimi sikubisha. Lakini msasa niliushika mimi, na ninajua nilichosugua.

Jioni ya Jumapili ile tulikuwa nyumbani kwa Shemeji, kwenye bomba la uani, tunaosha kikwangulio ambacho hakikuhitaji kuoshwa. Akajifuta mikono kwenye gauni, akachukua simu, akampigia binti yake. Haikuwa siku yao ya kupigiana.

"Mama? Kuna nini? Nani kafa?" nilisikia upande wa pili.

"Hakuna aliyekufa," Shemeji akasema. "Siku ile uliponiuliza itakuwaje nilikuambia utazoea. Nilikosea. Ningegeuka. Ningeacha brashi nikugeukie."

Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikadhani simu imekatika. Yeye pia alidhani hivyo, maana aliitoa sikioni akaitazama, na kidole chake kikaenda kwenye kitufe.

"Mama," sauti ikasema, "usikate."